Mke wa Kwanza Kwenye Kitabu cha Wageni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Wiki zote hizi nimekuwa nikiwasimulia watu walionitenda, na nyinyi wasomaji mmekuwa mkinipigia simu kunipa pole. Leo pole zenu kaeni nazo kwanza. Leo hakuna aliyenitenda. Nilijitenda mwenyewe, kwa mkono wangu, tena kwa kalamu ya kuazima.

Mara ya mwisho niliwaacha Kidahwe. Basi letu la kutoka Kasulu lilikuwa limekatika springi, nami Oswald nimekaa kando ya barabara na bibi yangu Rozalia, mama yake marehemu baba, suti yangu ya posa imemwagikiwa mawese na abiria wa nyuma. Kesho yake saa nne nilitakiwa niwe Rusimbi, nyumbani kwa kina Winfrida, na barua ya posa.

Bibi hakuwa anakwenda kwenye posa. Alikuwa anapita tu. Asubuhi apande boti pale Ujiji, ashuke Sigunga kwa shangazi yangu aliyejifungua mapacha.

Lori la chumvi lilituokota, likatushusha mjini jua likizama. Winfrida alikuwa ameshanipa maelekezo kwa simu.

"Msilale gesti. Kuna hosteli ya kanisa hapo Buzebazeba, safi, ya heshima. Na Oswald..."

"Naam, mpenzi."

"Pale usilete utani wako. Siku moja tu, nakuomba."

"Nitakaa kama kinyago."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Kinyago hasa."

Hakuniambia kwa nini. Angeniambia, hata kupiga chafya ningeomba ruhusa.

Niwaambie ukweli, sikuwahi kulala hosteli. Ukoo wetu ukisafiri hulala kwa ndugu, na ndugu akikosekana tunalala kwa jirani wa ndugu. Kwa hiyo nilipomwacha bibi nje kwenye benchi na mizigo, nikaingia peke yangu mapokezi, nilijitahidi kutembea kama mtu aliyezoea. Nikagonga kidole cha mguu kwenye kizingiti.

Mlinzi aliyeshika mapokezi jioni ile, mtu mzima aitwaye Bariki, alikuwa anaangalia mpira kwenye simu. Hakuinua kichwa.

"Mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na mwanamke."

"Wanaume upande huu, wanawake upande ule, watu wanane chumba kimoja. Chumba cha wawili ni cha ndugu au mke na mume. Ni nani wako?"

Hapo ndipo shetani aliponipa kiti.

Mimi nimepewa jina la babu, mume wake bibi. Tangu nikiwa wa kunyonya bibi huniita "mume wangu", nami humwita "mke wangu". Kijijini hakuna anayeshangaa. Akinikaripia, majirani husema ndoa ina misukosuko. Watu wazima mnaujua utani huu, wengi wenu mmelelewa nao.

"Mke wangu," nikasema.

"Haya, kitabu hicho. Jaza mwenyewe, kaka, hawa wanapiga penalti."

Lilikuwa daftari kubwa lenye mistari ya kuchorwa kwa rula. Jina. Utokako. Kazi. Uhusiano. Sababu ya safari. Nilijaza langu vizuri. Nilipofika kwa bibi, mkono ukaanza kuwasha.

Jina: Rozalia. Kazi: kunipikia. Uhusiano: mke wa kwanza. Sababu ya safari: kuongeza mke wa pili, wa kwanza ameridhia.

Nikacheka peke yangu. Nikaweka sahihi yenye mkia mrefu.

Bariki akanipa ufunguo uliofungiwa kipande cha ubao kikubwa kama mwiko wa ugali. Wala hakulitazama daftari. Timu yake ilikuwa imefungwa.

Chumba kilikuwa na kitanda cha dabodeka, chandarua, na ndala mbili zilizokatwa kisiginoni ili zisiibwe. Bibi alisimama mlangoni akakikagua kile kitanda juu mpaka chini.

"Mume wangu, huko juu analala nani?"

"Mimi."

"Ukianguka?"

"Nitakuangukia wewe."

"Basi tutakufa wote, mahari ya watu ibaki bure."

Akakaa. Akayatandua mashuka ya hosteli, akayakunja vizuri, akatandika kitenge chake juu ya godoro ili asichafue cha watu. Kisha akatoa kwenye furushi lake maharage kama kilo tatu, yamefungwa kwenye kitambaa.

"Mwenye nyumba yuko wapi tukamsalimie?"

"Bibi, hapa hakuna mwenye nyumba."

"Nyumba ikose mwenyewe? Asubuhi tutamuaga nani?"

"Hatuagi. Tumelipa."

"Kulipa ndiyo salamu?"

Kabla sijamjibu alikuwa ameshatoka uani. Kulikuwa na wageni wa semina, akina dada wamevaa vitambulisho shingoni na vijana wenye kompyuta mapajani. Bibi akapita kwa kila mmoja, miguu peku, kitenge kina tope la Kidahwe, "Mwidiwe! Mwidiwe!" salamu yetu ya Kiha, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, anampa kila mtu mikono miwili. Wakaitikia. Alipowapa mgongo wakatazamana, wakacheka.

Mimi ninayecheka watu tangu nimeota meno, kicheko kile kilinichoma. Nilimshika bibi mkono, nikamrudisha chumbani kama mtoto.

"Nimekosa nini?" akaniuliza.

"Hujakosa. Hapa watu hawasalimiani hivyo."

Usiku nilimsikia anageuka geuka pale chini. Sikumuuliza kitu.

Asubuhi nilitaka tutoke kabla hao wa semina hawajaamka. Pale mbele nikasikia sauti ya mwanamke, mapokezi wamebadilishana zamu. Bibi akasimama na furushi lake la maharage.

"Huyo ndiye mwenye nyumba. Ngoja nimwamkie."

"Bibi, utaniaibisha. Tupite huku."

Nikamtoa kwa mlango wa nyuma, karibu na jiko la kuni.

"Tunatoka kama wezi?"

"Ni njia ya mkato ya kwenda ziwani."

Haikuwa ya mkato. Ilizunguka. Maharage aliyaacha juu ya kitanda, akasema mwenyewe atayaona.

Nikamfikisha Ujiji kwenye maboti, nikamkabidhi kwa nahodha. Bibi akanishika kichwa, akanitakia mema, akaniambia nikifika ukweni nisiongee mpaka niulizwe. Saa tatu na nusu niko Rusimbi, suti nimeikwangua mawese kwa wembe, nanukia sabuni ya hosteli.

Mshenga wangu alikuwa Mzee Wilfred, rafiki wa marehemu baba. Upande wao aliketi Mzee Eliakimu, baba mkubwa wa Winfrida. Mama Winfrida aliketi kwenye mkeka karibu na mlango, miguu ameinyoosha, maana magoti yanamsumbua. Winfrida alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Nilikiona kidole chake cha mguu. Nikafurahi kama mpumbavu.

Hapa lazima niwaeleze jambo la mama huyu. Mume wake alikuwa anafanya biashara ya kuvuka ziwa. Siku alipofariki, watu wakiwa bado msibani, ilishuka boti kutoka Kalemie ina mwanamke na watoto watatu. Walikuwa wa marehemu. Mama Winfrida alikuwa ameishi na mtu yule miaka kumi na saba, na habari ile aliipata mbele ya jeneza.

Winfrida aliwahi kunisimulia mwanzoni kabisa mwa mapenzi yetu. Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mimi hata mmoja wa kwanza ananishinda kumpata." Hakucheka. Nilidhani hajaelewa.

Tuendelee.

Mzee Wilfred akatoa barua. Mzee Eliakimu akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Tusubiri kidogo, shangazi wa binti yuko njiani. Bila yeye hatufungui kitu."

Shangazi akaingia. Honorata, mama mnene, sketi ya kazi, kanga begani. Nikainuka kumwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Akasema kwa wote, "Samahani, nimechelewa kupata wa kunishikia zamu." Kwapani alikuwa na daftari kubwa.

Nililijua kabla hajalifunua. Mistari ya rula.

"Kijana," akasema, "jana ulilala wapi?"

"Hosteli, shangazi. Buzebazeba."

"Na nani?"

Mzee Wilfred akanitazama. Nikafungua mdomo kutaja bibi, na yeye alikuwa ameshafungua ukurasa.

"Msinisikilize mimi, lisikilizeni daftari. Oswald, fundi cherehani, kutoka Kasulu. Sahihi hii hapa, ndefu kama reli. Chini yake: Rozalia. Kazi, kunipikia. Uhusiano, mke wa kwanza. Sababu ya safari..." Akavuta pumzi. "Kuongeza mke wa pili. Wa kwanza ameridhia."

Nikasikia kuku wanaparua uani.

"Ni utani!" nikasema. "Ni bibi yangu! Bibi mzaa baba!"

"Bibi yako gani?" Shangazi akageuka. "Mimi nimeingia zamu saa kumi na mbili kamili. Nimekaa pale mapokezi nikiwasubiri, maana Winfrida aliniambia mchumba wake analala kwetu, nikasema nimwone anavyotoka, anavyoaga, nije nimsifie kikaoni. Mgeni wangu hakupita mbele. Mpishi ndiye aliyeniambia, wametoka kwa mlango wa jikoni, yeye na mwanamke kajifunika kitenge. Mtu anamtorosha bibi yake?"

Mzee Wilfred akaninong'oneza, "Oswald, kweli hujaoa?"

Mshenga wangu mwenyewe!

Hapo ndipo Mama Winfrida alipoanza kulia. Hakulia kwa sauti. Alivuta kanga akajifunika uso, mabega yakawa yanacheza. Nikasikia anasema, "Na huyu. Na huyu tena." Pazia halikutikisika. Kile kidole kikarudi ndani.

Mimi nilikuwa na wazo moja tu kichwani: boti haijaondoka. Bibi yuko Ujiji. Nikimleta, kila kitu kinakwisha.

"Nipeni nusu saa!" nikapiga kelele.

"Kaa chini, kijana," Mzee Eliakimu akasema.

Sikukaa. Mama alikuwa pale mlangoni kwenye mkeka. Nikaruka, nikatoka mbio, nikadaka bodaboda.

Ujiji niliwakuta wanasukuma boti majini, injini inakohoa. Bibi ameketi katikati ya magunia, amemshikia mwanamke mwingine mtoto.

"Bibi! Shuka!"

"Kuna nini, mume wangu?"

"Usiniite hivyo leo! Shuka twende Rusimbi!"

Nahodha akaniambia, "Akishuka tunaondoka. Tukirudi ni baada ya siku tatu."

Bibi akatazama upande wa Sigunga, ambako mapacha walikuwa wanamsubiri. Akanitazama mimi. Akamrudishia mwenzake mtoto, akakunja kitenge mpaka magotini, akashuka kwenye maji. Hakuniuliza tena swali hata moja. Njiani, juu ya pikipiki, nilimweleza nikiwa nimegeuza shingo, upepo unakula nusu ya maneno.

"Kumbe uliniandika," akasema tu.

Tulipoingia, wote walikuwa pale pale. Nikasimama katikati ya sebule kama wakili.

"Huyu hapa! Mke wa kwanza! Mtazameni!"

Bibi hakusimama katikati. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka, akakaa chini kando ya Mama Winfrida, miguu yake yenye maji ya ziwa, akamshika mkono.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Mimi ni mzee tu. Huyu kapewa jina la mume wangu, ndiyo maana tunaitana hivyo. Hana mke. Hata wa kumfulia hana, mwangalieni kola."

Mama Winfrida akafunua uso. Akamtazama bibi, meno mawili, mvi, mikunjo. Kisha, Mungu ni mwema, akatabasamu kidogo.

Shangazi Honorata akaangua kicheko mpaka daftari likamdondoka. "Kazi, kunipikia! Bibi, na meno hayo unampikia nini?"

"Uji," bibi akajibu. "Naye hamalizi."

Mzee Eliakimu akacheka mpaka akafuta macho. Mzee Wilfred akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Mimi nikaanza kujinyoosha suti.

"Lakini bibi," shangazi akauliza, bado anacheka, "kwa nini hamkupita mbele? Mimi ningekuona, haya yote yasingekuwepo."

"Nilitaka, mwanangu. Nilitaka nikusalimie, nikupe na maharage. Huyu akanikataza. Alisema nitamwaibisha."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. Kicheko cha shangazi kikaishia shingoni.

Nikatazama sakafu. Nikaacha kujinyoosha suti.

Mzee Eliakimu akakohoa, akaokoa mambo. "Ujana huo. Sisi wazee tumesikia, tumeridhika. Barua tumeipokea. Kilichobaki ni mwenyewe. Aitwe binti."

Winfrida akatoka nyuma ya pazia. Gauni la bluu, macho makavu. Akapiga goti kwa bibi yangu kwanza, akamwamkia, akamwomba radhi kwa safari yake iliyokatika. Kisha akasimama.

"Winfrida," baba yake mkubwa akamwambia, "umeyasikia yote. Unamkubali huyu kijana, tule, au hapana?"

"Hapana, baba."

Nilidhani ananitania. Nilitabasamu, nakiri mbele yenu, nilitabasamu.

"Winfrida, si umesikia? Ulikuwa utani."

"Nimesikia."

"Na bibi umemwona."

"Nimemwona."

"Shangazi kacheka! Mzee kacheka! Hata mama katabasamu! Sasa kosa langu liko wapi, jamani? Nimekwenda mbio mpaka ziwani, nimemshusha bibi kwenye boti imeshaelea, kwa ajili yako! Shahidi nimeleta! Unataka nini tena?"

Sauti ya Winfrida haikupanda hata kidogo.

"Asubuhi bibi yako ulimtoa mlango wa nyuma, asikuaibishe. Mchana umemwingiza mlango wa mbele, akuokoe. Na mlangoni hapo mama yangu alikuwa analia kwa ajili yako, ukamruka miguu kama unaruka mtaro. Niambie, Oswald, mimi utanipitisha mlango gani?"